Kinyago cha mpingo: uanze na Blender au na tezo?

Kwenye Blender, programu ya bure ya kuunda maumbo kwa kompyuta, unazungusha umbo upande wowote, ukikosea unafuta, na mteja anaiona kazi kabla gogo halijaguswa. Kwa Ujamaa, ile nguzo ya Wamakonde yenye watu waliobebana, hiyo ni faida kubwa: vichwa unavihesabu mapema. Ila kompyuta haiujui mpingo. Gogo lina nyufa, pengine uwazi katikati, na tabaka la njano linalozunguka moyo mweusi. Tezo ikifika hapo, mchongaji anageuza mkono kuwa pembe papo hapo. Mashetani wengi, vile vinyago vya Wamakonde vya viumbe wa ajabu, huzaliwa hivyo. Mimi nguzo ningeipanga kwenye skrini, nichapishe pande zote nne, kisha nizichore gogoni kwa chaki. Shetani? Tezo tu, kompyuta ibaki imezimwa.