Makuti ya Kuezekea Banda la Bustani Baada ya Masika Mawili

Makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyofungwa pamoja kwenye ufito, niliyonunua Bagamoyo kwa ajili ya banda la bustani yamestahimili masika mawili bila kuvuja, na ninaamini sababu kubwa ni kwamba fundi aliliwekea paa mwinamo mkali wa nyuzi 45, hivyo maji huteremka haraka kabla ya kupenya hadi ndani. Kivuli chake kina ubaridi ambao bati halitoi kamwe. Hata hivyo, katika baadhi ya makuti niliyonunua, majani yalikuwa yameachana mno kwenye ufito, nikalazimika kuongeza makuti mengine ili kuziba mianya. Kabla ya kulipa, inua kuti moja juani. Likipitisha mwanga mwingi, likatae. Jiko la mkaa liwekwe mbali kabisa na banda.