Anayeweza Kuzisoma Ndiye Waliyemkalisha Nje

Nitasema mapema ili asiye na muda aondoke na lake. Kama unatafuta karatasi za zamani za Mombasa yetu hii, za miaka ya 1800 mpaka karibu na Vita vya Kwanza, chumba cha nyaraka cha maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa kina vitu vitakavyokutoa machozi. Na kama unakwenda na mzee wako, usiende. Au nenda, lakini jua utamwona mzee wako akivunjiwa heshima mbele yako.

Chuo sikitaji. Saa za kufungua, ada, mambo ya kuacha begi mlangoni, yote yamebandikwa ukutani kwao. Mimi nina jambo moja tu kifuani.

Kwetu kuna maneno ya siku nyingi kuhusu shamba la ng'ambo, upande wa Kisauni. Nani alikuwa na minazi na nani alikuwa na ardhi yenyewe, maana Pwani hivyo ni vitu viwili, mwenye mnazi si lazima awe ndiye mwenye ardhi. Mambo yakaharibika zaidi baada ya 1908, serikali ya Mwingereza ilipoleta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wetu huu. Kila mwenye shamba akatakiwa apeleke dai, athibitishe, apewe cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa ni ya serikali. Leo kuna watu wanaitwa maskwota juu ya ardhi walikozikwa babu zao, na mengi ya hayo yalianzia pale. Kwa hivyo barua za miaka ile kwetu si mapambo ya maonyesho. Kuna watu wanakwenda kortini kwa sababu ya karatasi kama hizo, na wengine wanashindwa kwa kuzikosa.

Nilisikia kwa mtu anayesomea pale kwamba wana sanduku la barua za wenye mashamba. Kwenye orodha yao limeandikwa mstari mmoja tu: barua mbalimbali, lugha Kiarabu, hazina tarehe. Nikapeleka barua yangu ya utambulisho, nikakaa, nikaletewa faili. Karatasi nyembamba, zimekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kahawia, na pini iliyozishika imeota kutu mpaka imekula pembe ya karatasi ya juu. Mimi khati ya zamani, yale maandishi ya mkono kwa herufi za Kiarabu, naisoma kwa kukokota. Lakini hata kwa kukokota kwangu nikaona shamba, nikaona kisima, nikaona ndugu yangu. Hicho si Kiarabu! Ni Kiswahili cha Mvita, yaani cha Mombasa hii, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wafanyabiashara, makadhi na wenye mashamba wa mji huu. Salamu za juu ndizo za Kiarabu, "ila janabi" na mengineyo, kisha baada ya "wa baada" mtu anaingia kwenye shida zake kwa lugha ya nyumbani. Aliyeandika ile orodha alisoma mstari wa kwanza akaridhika.

Na khati hiyo si ya mtu kuiokota njiani akaisoma. Ba moja inabeba b, inabeba p, na mara nyingi inabeba mb. Fa inabeba f na v. I na e zinaandikwa sawa, o na u vivyo hivyo. Herufi inakupa nusu, nusu nyingine iwe kichwani mwako: ujue maneno, ujue majina ya mitaa, ujue nani alikuwa jirani wa nani. Ndiyo nikasema hii ni kazi ya Mjomba.

Mjomba wangu amevuka themanini. Amesomesha madrasa Mji wa Kale tangu mimi sijazaliwa, na nyumbani kwake ana tenzi zilizoandikwa kwa mkono ambazo anazisoma kama wewe unavyosoma ujumbe kwenye simu yako. Siku ile alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya vito ya kwendea harusini. Kwake yeye ilikuwa ni heshima kubwa kuitwa maktaba ya chuo kikuu.

Tukafika mezani. Mjomba akatoa salamu, "Salaam aleikum." Yule bwana wa mezani hakuitika. Aliitazama kanzu, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mjomba wangu, amekuja kunisaidia kusoma barua.

"Ana barua ya chuo?"

"Hana, ana kitambulisho."

"Hapa ni pa watafiti. Akangoje nje."

Nikajieleza kwa adabu. Nikamwambia orodha yenu ina kosa, barua hizi ni za Kiswahili, na mtu wa kuwasaidia kuirekebisha ndiye huyu, na hataki hata senti. Akaniambia orodha imeandikwa na wataalamu. Mjomba akaniinamia akasema polepole, "Mwanangu, mwambie kama viti havitoshi naweza kusoma nimesimama." Alidhani shida ni viti. Na yule bwana, aliyesikia vizuri kabisa, akamjibu mwenyewe: "Mzee, usinichoshe."

Usinichoshe! Kijana wa umri wa mjukuu wake. Nimeandika na kufuta sentensi nyingi hapa, kwa sababu zote zilizokuja hazifai kusomwa na watu. Mjomba akasema haya, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje karibu na jenereta. Askari wa mlangoni ndiye aliyekuwa na utu. Alimpa kiti chake chenye mgongo na akamtafutia maji.

Na huyo mlinda sheria, juu ya meza yake kulikuwa na kikombe cha chai ya maziwa kimewekwa juu ya daftari la jalada la ngozi, la zamani, la hesabu za nyumba fulani ya biashara. Sisi wasomaji tunanyang'anywa kalamu za wino mlangoni tuandike kwa penseli, na ni sawa kabisa, ile ni sheria nzuri. Kikombe kilipoinuliwa kikaacha duara la majimaji juu ya ngozi. Alilifuta kwa mkono wa shati.

Jamani, hivi wanajua mashairi ya Muyaka, mshairi wetu mkubwa wa Mombasa, yalitufikiaje? Muyaka bin Haji alifariki 1840, na mengi aliyoyatunga yalikuwa vinywani mwa watu. Alikuwako mzee wa mji huu huu, Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya, akayaandika kwa khati hii hii, akaeleza mafumbo yake. Taylor, mmisionari wa Kiingereza wa CMS, chama cha wamisheni wa Kianglikana, aliyekuja Mombasa 1880, alikaa naye, akamsikiliza, akaandika maelezo yake pembeni. Karatasi zile zikaishia London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 kwa kazi ya Hichens, mhariri wake. Bila Sikujua kuwekwa mezani, Taylor angebaki na herufi tu. Mgeni wa miaka ya 1880, aliyekuja na dini yake na serikali yake nyuma yake, alijua kwamba mzee wa Mvita lazima akae ndani. Hapa kwetu, mji ule ule, mzee wa Mvita amewekwa karibu na jenereta.

Sitaki kuambiwa kwamba nyaraka lazima zilindwe. Najua. Zilindwe! Lakini nikirudi nyumbani usiku, nikiwa nimejilaza, nafungua simu na kuangalia mkusanyiko wa picha uitwao Winterton, ulioko chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, Marekani: zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, za 1860 mpaka 1960, zimo za Mombasa na zimo za ujenzi wa reli iliyoanzia hapa 1896. Hakuna anayeniuliza barua. SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London, wameweka kwenye intaneti hati kadhaa za Kiswahili, unavuta karibu mpaka unaona kalamu ilipochovywa upya. Si kwamba wale ni malaika, karatasi zetu ziko kwao kwa sababu zinazojulikana, na si zote ziko wazi. Barua za wamisheni waliofungua kijiji cha Frere Town hapa Mombasa 1875 kwa watumwa walioachiliwa ziko chuo kikuu cha Birmingham. Kengele yao imebaki kwetu, Kengeleni pale, maandishi yamekwenda. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi kwa hiki cha hapa. Hizi hazikwenda! Hizi zimebaki, ziko umbali wa nauli ya matatu, na bado mwenyewe hazifikii.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nisiweze kuwapa nyota sifuri kwenye tathmini yangu hii.

Wakati wa chakula yule bwana alitoka. Alibaki binti mmoja aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazi, aliyesikia yote asubuhi akiwa ameinamisha kichwa. Mlango ulipofungwa tu akaenda nje mwenyewe. "Shikamoo, babu. Karibu ndani." Akamwekea kiti dirishani penye mwanga, akaweka mto wa sponji mezani, akalaza faili juu yake, akatafuta kioo cha kukuzia. Hakuna aliyemfundisha adabu hiyo hapo kazini, alikuja nayo kwao.

Mjomba akaanza. Sijui nielezeje. Sauti yake ilikuwa ile ya kusomea maulidi, pole, na barua ikafunguka. Mtu mmoja anamlalamikia mwenzake kwamba amepeleka dai kwa Wazungu na hakutaja kisima, na kisima ni cha wote. Mjomba akawa anasimama kwenye kila jina. Huyu alikuwa na duka Ndia Kuu. Huyu binti yake aliolewa Lamu na hakurudi. Huyu si babu wa watu unaowadhania, ni ndugu yake wa mama mwengine. Kisima hiki nakijua kilipo, kimefukiwa, juu yake pana maduka. Binti wa watu akawa anaandika kwa penseli mbio mbio, na nyuma ya bahasha ya faili akaongeza: lugha, Kiswahili. Barua zilizokaa humo kama takataka za Kiarabu zikapata wenyewe, majina kwa majina, na kila jina lina wajukuu hapa mjini.

Pale, kwa muda ule, ningewapa nyota zote. Nilikuwa tayari kumwambia kila mtu wa Mji wa Kale, wa Kuze, wa Majengo, aje na wazee wake.

Yule bwana akarudi mapema. Hakuuliza kitu. Mjomba alikuwa katikati ya mstari, kidole hakijagusa karatasi, kimetangulia juu yake tu, anasoma, "na mpaka wa upande wa kaskazini ni..." na faili likavutwa kutoka mbele yake. Likavutwa kwa nguvu, na ile pembe iliyoliwa na kutu ikakatika na kubaki juu ya sponji. Mtu aliyemtoa mzee nje ili nyaraka zisiharibike ndiye aliyeichana kwa mkono wake.

Mpaka wa kaskazini ni nini? Hatujui. Ndilo swali familia inalobishania siku zote, na jibu liko kwenye mstari ambao Mjomba hakumaliza.

Niliomba nakala. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sijapigiwa. Nikaandika malalamiko kwa mkuu wa maktaba, nikayapeleka kwa mkono, yakapigwa muhuri kwamba yamepokelewa. Kimya. Nimesikia kwa watu kwamba binti yule hayuko tena chumba kile, na kama ni kwa sababu yetu basi hilo peke yake linatosha kuwapa sifuri.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kutoa nyota tatu, kwa ajili ya nyaraka. Nimefika hapa nimeona siwezi. Nyaraka hazikuletwa na wao, ziliandikwa na watu wetu na wao wamezikuta. Nyota moja, na hiyo ni ya binti na askari wa mlangoni, wagawane. Lakini msomaji wangu, mwenye babu aliyekuwa na shamba Kisauni, Likoni au Changamwe, usinisikilize mimi nikisema usiende. Nenda. Beba barua ya utambulisho yenye muhuri, mwombee na mzee wako ya kwake, hata kwa ofisi ya kadhi au kwa chifu, wasipate pa kusimama. Omba sanduku la barua mbalimbali, usikubali ukiambiwa ni Kiarabu. Na ukiona faili ambalo pembe ya karatasi ya juu imekatika upya, soma chini ya pale, mstari unaotaja kaskazini, unijulishe.

Mjomba ameniambia harudi tena. Ila amesema wakimwita wao wenyewe, na wakamwitikia salamu, atasoma sanduku zima bila malipo, barua kwa barua, na atamfundisha khati yeyote watakayemleta. Namba yangu ya simu wanayo, iko kwenye kitabu cha mlangoni na iko kwenye ile risiti.