TAHADHARI: Wakala anayeuza "nafasi za udereva wa mbio Uingereza" hapa Tanga

Wazazi na vijana wa Tanga, Muheza na Pangani, kuna mtu anazunguka kwenye magereji na vijiwe vya bodaboda akijiita wakala wa akademi ya mbio za magari ya Uingereza. Anaahidi mafunzo ya miezi sita, leseni ya kimataifa, halafu mkataba na timu. Msimpe hela. Pasipoti ndiyo kabisa, msimpe. Jina lake silitaji kwa kuwa suala liko polisi, na hata ningelitaja lisingewasaidia: Makorora anajulikana kwa jina moja, Pongwe kwa jingine, na laini anazopokelea hela zina majina ya watu wengine kabisa.

Aliyetapeliwa kwetu ni mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22, fundi mzuri wa injini, mpenzi wa rali tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo ukimtajia Silverstone, ule uwanja wa mbio za magari wa Uingereza, usiku halali, na tapeli alilijua hilo. Hakuanza na habari za hela. Alianza kwa kumsifia, akampigia simu ya video na mzungu aliyeitwa kocha, akamwambia kipaji kama chake kinaozea Tanga bure. Ndipo ikaja laki tatu ya fomu. Ikafuata laki nane ya "kushikilia kiti", kisha bima ya dereva, kisha laki tano ya pasipoti, ambayo Uhamiaji wanaitoa kwa shilingi 150,000 na unalipa mwenyewe kwa kontroli namba. Mwisho viza ya haraka, na hiyo ilitakiwa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa kijana wa Mombasa. Dada yangu akauza cherehani yake ya kudarizi. Pasipoti ilipotoka, wakala akaichukua "kwenda kugonga viza". Mpaka leo anayo, na sasa anadai hela ili airudishe.

Barua ya kukubaliwa nimeisoma. Ina nembo za rangi, mihuri miwili na saini ya kalamu ya bluu. Anwani ya chuo imeandikwa "Silverstone, London". Silverstone haiko London, iko Northamptonshire, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Chuo gani hakijui kilipo?

Chini yake wameandika kwamba mwanafunzi akimaliza atakabidhiwa "super licence". Hiyo ndiyo leseni ya kuendesha Formula 1, mbio za magari za daraja la juu kabisa duniani. FIA, shirikisho la dunia la mchezo huu, kwa kawaida haimpi mtu chini ya miaka 18, na linataka awe amekusanya pointi 40 ndani ya misimu mitatu kwenye mashindano linayoyatambua. Pointi zinapatikana kwa kushindana na kumaliza mbele ya wenzako. Hakuna dirisha la kuzilipia.

Halafu kuna ahadi ya mshahara tangu mwezi wa kwanza. Hapa ndipo vijana wengi wanapoingizwa mkenge, maana wanawaona madereva wakubwa na mamilioni yao. Kwenye madaraja ya chini mambo ni kinyume: dereva ndiye anayeilipa timu. Msimu mmoja wa Formula 4 Ulaya unakula mamia ya maelfu ya euro, zinazotoka kwa familia au mdhamini. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1, alianza gokati, vile vigari vidogo vya mbio, akiwa na miaka 8, baba yake akihangaika na kazi zaidi ya moja kulipia mbio hizo, na timu ya McLaren walimchukua mwaka 1998 akiwa na miaka 13, tayari anashinda mashindano ya watoto wenzake. Wakala huyu anasema timu itamlipa kijana ambaye hajawahi kukaa hata kwenye gokati.

Leseni ya mashindano inaanzia nyumbani. Kwa Mtanzania anayeitoa ni chama cha magari cha taifa, AAT, kinachotambuliwa na FIA. Chama cha nchi nyingine kikitaka kumpa Mtanzania leseni, lazima kipate kwanza ridhaa ya chama cha huku. Kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia leseni ya Ulaya bila AAT kujua, hana cha kukuuzia. Na kijana mwenye nia hasa ana pa kuanzia karibu. Maxine Wahome wa Kenya alishinda WRC3, moja ya madaraja ya rali ya dunia, kwenye Safari Rally ya mwaka 2022, na ile inafanyika Naivasha, hapo jirani tu.

Kuhusu viza: fomu ya Uingereza inajazwa kwenye tovuti ya serikali yao na ada inalipwa huko huko, haipiti kwenye namba ya simu ya mtu. Viza ya masomo inahitaji uthibitisho kutoka chuo chenye kibali cha kudhamini wanafunzi, na orodha ya wadhamini hao iko wazi kwa kila mtu. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi.

Wengine wananijibu kwamba jamaa ana cheti cha BRELA. Sawa, ana kampuni iliyosajiliwa. Kupeleka watu kazini nje kunahitaji leseni ya uwakala wa ajira kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Mwambieni aitoe hiyo. Sisi tulipomwomba, alikata simu.

Kama umeshamtumia hela, usifute meseji hata moja, wala ile ya muamala. Piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, huenda hela bado haijatolewa. Namba ya tapeli itume 15040, ndiyo ya kuripoti utapeli wa simu. Na kwa kuwa amekusanya nakala za vitambulisho vya NIDA kwa vijana wote, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, kaifunge haraka kabla haijatumika kumtapeli mwingine.

Kilichonisukuma kuandika usiku huu ni habari mpya. Anakusanya kundi la vijana wapande basi Kange mwisho wa mwezi, wavuke Horohoro hadi Mombasa, eti ndege ya Uingereza inaondokea huko. Nani atawapokea Mombasa hasemi, na pasipoti zote anabaki nazo yeye. Aliye na kijana kwenye kundi hilo amzuie asipande. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda pamoja kituo cha polisi Chumbageni. Njoo na nakala ya kitambulisho, meseji za malipo, na picha ya pasipoti kama uliipiga.