Duka la dawa za mifugo pale Uyole: mama anamshika kuku kwanza ndo anakuuzia dawa

Naandika hii kwa wenzangu wa Mbeya mnaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, wale wa kuku kumi na kitu hivi, sio nyie wa mabanda ya elfu mbili maana nyie mna madaktari wenu.

Mi ninao 14, kienyeji watupu na chotara wawili, na humo kuna kishingo (yule asiye na manyoya shingoni) mmoja mweupe watoto wanamwita Bibi Harusi. Mwezi wa saba, baridi ile mnaijua wenyewe, asubuhi nikamkuta kasimama peke yake nyuma ya tenki, mabawa yameshuka, macho nusu kafumba, manyoya kayatutumua kama bibi kajifunga mablanketi mawili. Nikarusha mahindi, wenzie wakaja mbio, ye kaja taratibu kadonoa mara mbili kaacha. Kwenye mavi nikaona kijani. Basi mi kichwani mdondo tayari, ule ugonjwa wa Newcastle unaofagia banda zima, hapo hapo nikaanza kuhesabu hasara.

Nikakimbilia duka moja la mjini, silitaji. Nikamwambia kijana kuku wangu kazubaa hali, hajaniuliza hata swali moja, mkono umeshafika kwenye shelfu, OTC hiyo (antibiotiki) na vitamini hizo, elfu saba, changanya kwenye maji wape wote. Na mi nilivyo mjinga nikawapa wote kweli, kumi na tatu wazima wakanywa dawa ya mgonjwa mmoja, alafu jioni ndo nasoma paketi kumbe mayai hayaliwi mpaka siku zipite, mayai ya wiki nzima yakaenda shimoni na mke wangu ananiangalia tu hasemi kitu. Na majirani nao hawakuniacha, huyu anasema pilipili kichaa kwenye maji, yule mshubiri, mwingine mchinje leo kabla hajafa mle nyama. Siku ya tano Bibi Harusi ukimbeba ni kama umebeba manyoya.

Ndo mtu wa bodaboda akaniambia nenda Uyole kuna mama ana duka dogo, mlango mmoja, kuna vifaranga kwenye boksi na taa hapo nje. Nikamtia kuku kwenye boksi la sabuni, nikapanda daladala nae, konda akanitoza na yeye sijui kwa sheria gani.

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, anaumwa nini? Nikasema ana mdondo. Akacheka. Akasema we umekuja na jibu, sasa mi nikuuzie nini.

Alafu akaanza maswali, na hapo ndo nilipoelewa kwamba siku zote nilikuwa nanunua dawa gizani. Wagonjwa wangapi? Mmoja. Tangu lini? Siku tano. Wengine wamekufa? Hamna. Akasema mdondo ungeingia kwako kuku hawajachanjwa sahizi ungekuwa unazika, haukai kwa mmoja siku tano wenzie wanapigana kugombea mahindi, na ungeona wengine wanahema mdomo wazi, wengine shingo zimepinda. Nikamwambia mbona kijani? Akanijibu kuku asiyekula nae anatoa kijani, hiyo ni nyongo inashuka na tumbo halina kitu. Hilo peke yake kwangu lilitosha nauli.

Akamtoa kwenye boksi akamkalisha juu ya kaunta, kwenye gazeti. Akafungua mdomo akachungulia na tochi ya simu, akanusa (mi nilishangaa, kumnusa kuku mdomo!), akasema kachacha. Puani hamna makamasi, uso haujavimba, kwahiyo mafua hayapo. Akafunua chini ya mkia akatafuta chawa, akapapasa kama kuna yai limekwama, hamna. Upanga wa kichwani umepauka kidogo lakini mavi hayana damu. Mfupa wa kifuani umetokeza kama kisu. Alafu vidole vikapanda mpaka chini ya shingo upande wa kulia, kile kifuko kuku anachohifadhia chakula, akatulia. Akachukua mkono wangu akaniwekea pale. Aisee. Bonge gumu kama ugali uliolala, ukubwa wa yai la bata, ukilibonyeza linabaki na alama ya kidole.

Akasema usiku huu asile kitu, maji tu, kesho kabla hujamfungulia mpapase tena. Kuku mzima analala kifuko kimejaa anaamka kipo tupu, kama asubuhi bado kimejaa basi chakula hakishuki. Dawa hakuniuzia. Nimetoka pale sijaacha hata shilingi, akanipa na maelekezo ya mafuta ya kupikia kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kumsugua taratibu mara nne kwa siku, akasisitiza nisimwinamishe kichwa chini kumkamulia kama watu wanavyofanya, yale maji yanaweza kwenda kwenye mapafu akafa mkononi.

Asubuhi bonge lile lile. Nimesugua siku mbili, watoto wakawa wanapokezana, halikulainika. Nikampigia, akaniitia daktari anayeshirikiana nae, akaja na pikipiki, kuku kalazwa juu ya meza ya kukatia mboga nyuma ya nyumba. Akanyonyoa manyoya kidogo, akapaka ayodini, sindano ya ganzi, akapasua kama urefu wa kidole gumba. Kwanza ilikuja harufu, kama togwa iliyosahaulika wiki. Alafu akaingiza koleo akaanza kuvuta, majani makavu marefu, alafu uzi mweupe, akavuta uzi haukatiki, na mwingine wa bluu, vyote vimesokotana. Mwanangu mdogo akasema baba, Bibi Harusi kala salfeti.

Na kweli. Mimi mwenyewe kwa kuwaonea huruma na baridi nilizungushia banda salfeti za mahindi zilizochakaa, nyuzi zinaning'inia, wao wanazidonoa. Na nikakumbuka yule mama siku ile pale kaunta aliniuliza banda umezungushia nini, nikamjibu nimeziba vizuri tu mama usijali.

Daktari akashona kifuko kwanza peke yake, alafu ngozi juu yake. Elfu ishirini. Ndio, najua, kuku mwenyewe anauzwa bei hiyo hiyo, mtaani wamenicheka mpaka sasa, kuna mzee akiniona anauliza mgonjwa wa theatre anaendeleaje. Sitetei. Kwa kuku wa nyama nisingefanya, huyu watoto wameshampa jina. Siku kadhaa alikula uji wa dona mwepesi na pumba laini zilizoloweshwa, akatengwa kwenye boksi jikoni, wiki ya tatu karudi kwa wenzie na kuanza ubabe wake.

Nilirudi Uyole kwa yule mama kununua chanjo ya mdondo, ile ya I-2 ya tone la jichoni, maana kwenye maswali yake aliniuliza nimechanja lini nikaanza kuangalia dari. Akaniuliza unachanja leo au kesho? Nikasema kesho. Basi njoo kesho, ukishaifungua haikai. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wangu kwahiyo tumechanga majirani watatu, tone moja kila kuku na mzunguko unarudi kila miezi mitatu, akaniandikia tarehe kwenye kipande cha boksi. Na akasema siku nyingine wakifa wengi kwa mpigo nisibahatishe, mzoga upelekwe TVLA Iringa, ile maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo, wapasue waone.

Ubaya sasa. Foleni ipo maana anamsikiliza kila mtu, nimekaa zaidi ya saa nzima nyuma ya baba mmoja wa nguruwe. Anagomba, usipojua kuku wako katoa mavi gani anakugombeza mbele za watu. Saa kumi na moja jioni anafunga, Jumapili hafungui kabisa. Na akiwepo yule dogo wake peke yake we geuza, ye anauza tu kama wale wa mjini.

Nyota nne. Ukienda mbebe kuku mwenyewe na utandike gazeti chini ya boksi, mavi ya njiani atayataka. Bei za dawa ni kawaida, ila mi hadi leo nimenunua chanjo tu. Banda nimepigilia mabanzi, salfeti zote zimeenda kuchomwa.