Somo la jinai na ukengeufu: lichukueni, ila daini mahakama

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, kila msimu wa kujisajili mnaniuliza kama somo la hiari la jinai na ukengeufu, yaani uvunjaji wa kanuni za jamii, lina faida, hasa ninyi wa sosholojia hapa Dodoma. Nililisoma nikiwa likizo ya masomo, nikitokea kata ya kijijini ninakofanya kazi ya ustawi wa jamii, na sasa nimerudi kazini nalo. Chuo sitakitaja, maana nina malalamiko pia.

Lichukueni. Hakuna somo lingine lililonisaidia kiasi hiki nikiwa nimekaa mbele ya mama aliyepigwa.

Mihadhara ya mwanzo ni ya nadharia za wanasosholojia wakongwe, na wengi huanza kukata tamaa hapo. Vumilieni. Durkheim anasema hakuna jamii isiyo na uhalifu, na kwamba adhabu inawalenga pia wale wasiokosa. Merton, mwaka 1938, anaeleza yanayotokea pale kila mtu anapohimizwa afanikiwe huku njia halali zikiwa za wachache. Hirschi, 1969, analigeuza swali: kwa nini wengi wetu hatuibi? Mimi aliyenishika ni Becker. Katika kazi yake ya 1963 anadai kwamba kitendo huwa ukengeufu pale kundi linapoweka kanuni, kisha likambandika mtu jina la mvunja kanuni.

Semina ya ukeketaji ndiyo iliyonionesha uzito wa dai hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya kuwa jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kifungo kikiwa miaka 5 hadi 15. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta mkoa wa Dodoma wenye wanawake 47 kati ya kila 100 waliokeketwa, wa pili baada ya Manyara. Darasani tulikuwa na watoto wa Kondoa, Bahi, Singida na Manyoni, kwa hiyo hakuna aliyezungumza kwa kusikia. Dada mmoja alieleza jinsi lawalawa inavyotajwa kama sababu: mtoto akipata maambukizi sehemu za siri, bibi anaambiwa dawa ni kukata. Mwingine akasema siku hizi wanakatwa wakiwa wachanga, ili mwalimu wala polisi asijue. Dokta, mhadhiri wetu, akatuuliza: kama shahidi ni shangazi, mshitakiwa ni bibi na aliyeumizwa hajaanza kusema, mpelelezi aanzie wapi? Tulibishana mpaka darasa lingine likaja kugonga mlango. Katika nyumba ya namna hiyo, anayetazamwa kama mkengeufu ni mama aliyekataa. Sheria inamtambua bibi kuwa mhalifu, ukoo unamtambua mkwe. Afisa asiyeliona hilo ataitisha mkutano wa kijiji, atahutubia, atapigiwa makofi na kuondoka.

Kipindi kingine cha kusubiri ni kile cha PF3, fomu ya polisi anayopewa aliyejeruhiwa ili akatibiwe. Dokta aligawa nakala tupu za fomu hiyo tukaisoma mstari kwa mstari: polisi wanajaza wapi, daktari wapi, na mahakamani itatumikaje. Kisha tukachora safari ya mwanamke aliyepigwa usiku katika kijiji kisicho na kituo cha polisi. Bodaboda hadi kituoni, kituoni hadi kituo cha afya, kisha fomu irudi polisi. Nauli anatoa nani? Kama mganga anayejaza hayupo, michubuko inasubiri? Na aliyempiga ndiye mwenye pesa ya nyumba. Nilielewa kwa nini kesi nyingi hufia njiani kabla hakimu hajaziona, na siku hizi jambo la kwanza ninalouliza ni nauli.

Sasa malalamiko. Kompendiamu, yaani mkusanyo wa makala za kusoma, imejaa tafiti za mji wa Chicago, Marekani. Watafiti wake Shaw na McKay wanastahili heshima yao kwa kuchora ramani za uhalifu wa vijana mtaa kwa mtaa, lakini tulikaa nao wiki nyingi ilhali tunaishi katika mji uliobadilika mbele ya macho yetu tangu Serikali ianze kuhamia 2016. Nzuguni, Ihumwa na Nkuhungu zimejaa wageni, wapangaji na vijana wa ujenzi, na hatukutumwa hata kazi moja ya kwenda kuuliza watu maswali huko. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa Wasukuma na Wanyamwezi, ilipewa nusu ya kipindi. Mauaji ya watu-simba ya Singida ya miaka ya 1940, ambapo watu walidaiwa kuua wenzao kwa mfano wa simba, yalitajwa kwa sentensi moja, nayo ni historia ya hapa hapa kanda ya kati!

Lugha pia. Mhadhara ni Kiingereza, mtihani Kiingereza, wakati sheria ilirekebishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mhitimu anayejua kumchambua Merton kwa Kiingereza anababaika kuandika taarifa ya ustawi ambayo hakimu ataisoma. Hilo linaniuma, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo inayoweza kuamua mtoto alale wapi.

Mahakama tulihudhuria mara chache tu, kwa sababu barua za utambulisho zilichelewa. Tulichokiona kilizidi nusu ya kompendiamu: hakimu wa mahakama ya mwanzo akiwageukia wazee wa baraza kuwauliza maoni yao, na mlalamikaji akiomba kufuta kesi huku kaka wa mshitakiwa amekaa benchi la nyuma.

Alama yangu ni nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano nawadai chuo. Mkijisajili, mwambieni CR (mwakilishi wa darasa) afuatilie barua za mahakama wiki ya kwanza, na mchague kundi la semina lenye wanafunzi wa mikoa mchanganyiko. Fotokopi zinazouzwa zimefifia, kurasa za Becker hazisomeki kabisa; ombeni nakala ya kwenye simu kwa waliotangulia. Mimi ninayo.