Hurricane ya Airfix, 1/48: seti inayojengwa kama ndege yenyewe

Ukiwa na pesa ya seti moja tu ya modeli ya plastiki ya ndege ya vita mwaka huu, nunua Hurricane Mk I ya kampuni ya Airfix ya kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), ile iliyotoka mwaka 2015. Hurricane ilikuwa ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na Mk I ni toleo lake la kwanza. Nimeshaijenga zaidi ya mara moja, na nyingine iko mezani sasa hivi, mabawa yamekwisha kushika na pua inasubiri praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Ziko seti mpya kuliko hii na ziko za bei kubwa kuliko hii. Lakini kati ya zote zilizopita mikononi mwangu, hii ndiyo ambayo ukiimaliza unakuwa umeijua ndege yenyewe, si umbo lake tu.

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia, katika maabara ndogo hapa Ngara. Kutwa nashughulika na vipande ambavyo visipokaa sawasawa kuna mtu hatakula, kwa hiyo nikifungua sanduku la modeli jicho linakimbilia maungio kabla ya kitu kingine chochote. Jioni, nyumbani Buruburu, meza ya dirishani ni ya Hurricane peke yake. Mradi wenyewe ni wa miaka. Nataka rafu moja ionyeshe maisha yote ya ndege hii, kuanzia K5083, ile ya majaribio iliyopaa Brooklands kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, hadi PZ865, ya mwisho kutoka kiwandani mwaka 1944, ambayo mpaka leo bado inarushwa kule Uingereza. Katikati yake ziko za propela ya mbao yenye panga mbili, za panga tatu, za mizinga minne ya milimita 20, na ile ya Mk IID iliyobeba mizinga miwili ya milimita 40 ya kupigia vifaru.

Mbona si Spitfire, ile ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ya wakati huohuo? Naulizwa kila wakati. Babu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, na mwaka 1941 alikuwa katika jeshi lililotoka hapa Kenya kupigana na Waitaliano, likapita Mogadishu na kupanda hadi Addis Ababa, mji uliotwaliwa tarehe 6 Aprili. Katika vita ile hapakuwa na Spitfire hata moja. Ndege za kivita zilizowalinda askari wale kutoka juu zilikuwa za Jeshi la Anga la Afrika Kusini, zikirukia viwanja vya huku kwetu, na bora kati ya zile ilikuwa Hurricane. Hata katika vita vya anga ya Uingereza mwaka 1940, Hurricane ziliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire. Spitfire ina umbo la kupendeza, silipingi hilo. Ila sifa za kazi ile zimeiendea zaidi ya haki yake.

Turudi kwenye sanduku. Jambo linaloipa seti hii thamani linaanza katika hatua za mwanzo kabisa za maelekezo. Hurricane halisi haikuwa na sakafu chini ya rubani. Palikuwa na mifereji miwili ya kukanyagia, na pembeni na chini yake ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabomba ya chuma na mihimili ya bawa. Sydney Camm, aliyeibuni ndege hii, na wenzake pale kampuni ya Hawker walikuwa wametoka kutengeneza ndege zenye bawa la juu na bawa la chini, na kiunzi cha mabomba walikijua vizuri, kwa hiyo wakaendelea nacho. Modeli nyingi za zamani zilikuwa zinaweka ubao bapa, zinagandisha kiti juu yake, basi. Airfix wameanza na mihimili ya bawa. Unaijenga kwanza, pamoja na chumba cha magurudumu, halafu chumba cha rubani kinakaa juu yake, na mabomba ya kiunzi yanapanda ubavuni yakionekana. Mpwa wangu aliposimama nyuma yangu akauliza, "Shangazi, mbona huyu atakanyaga hewa?" nikajua seti imefanya kazi yake, maana ndivyo marubani wenyewe walivyokaa.

Ni hapo pia nilipokielewa kisa kimoja nilichokuwa nimekisoma bila kukiona. Tarehe 15 Machi 1941, Kapteni John Frost wa kikosi cha 3 cha Afrika Kusini alikuwa anashambulia uwanja wa ndege wa Waitaliano pale Dire Dawa, ndege yake ikapigwa, akalazimika kuteremka palepale katika eneo la adui. Luteni Bob Kershaw akatua kando yake huku risasi zikilia, wakabanana wawili katika kiti kimoja, wakapaa. Kershaw alipewa nishani ya DSO kwa tendo lile. Sasa chukua kiti cha plastiki cha seti hii, kiweke mahali pake, funga nusu mbili za bodi, kisha utazame kwa juu. Nafasi kati ya bega na ukuta ni ya kupitisha ncha ya kibano changu cha kazini na si zaidi. Watu wazima wawili walikaa humo na kuiendesha ndege mpaka nyumbani. Frost alikuja kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote waliopigana ndani ya jeshi lile la anga, akapotea jangwani Afrika Kaskazini mwezi Juni 1942. Hii iliyo mezani nitaipaka alama za kikosi chake.

Jambo la pili ni kitambaa. Nyuma ya chumba cha rubani, Hurricane haikufunikwa kwa bati. Kulikuwa na fito za mbao juu ya kiunzi cha chuma, na juu ya fito kitani kilichopakwa dawa ya kukaza. Ndiyo maana risasi nyingi zilipita upande huu zikatokea upande wa pili, fundi akabandika kiraka, na kesho yake ndege ikaruka. Chukua nusu ya bodi, iinamishe chini ya taa ya meza ili mwanga uje kwa ubavu. Utaziona fito zimejitokeza, na kati ya fito na fito kitambaa kimebonyea kidogo sana, bila kutiwa chumvi. Pitisha kucha kutoka mbele kwenda nyuma: kwenye bati la pua inateleza, ikishavuka chumba cha rubani inapanda na kushuka. Kazi ya namna hiyo inataka mchongaji wa umbo aliyesimama mbele ya ndege halisi akaitazama.

Kwa sababu hiyo, angalia sana msasa wako. Mshono wa mgongoni unapita katikati ya fito zile, na ukisugua kwa kipande kipana utazilaza zote. Mimi natumia kipande chembamba cha msasa wa maji kilichozungushiwa kijiti cha meno, nasugua kwa kufuata urefu wa fito. Plastiki ni laini, kwa hiyo wembe uwe mpya na vipande vidogo uvikate kwanza mbali kidogo na pale vinaposhikana na fremu yao, ndipo umalizie taratibu.

Bunduki sitazisema kirefu. Zilikuwa Browning nane za .303, nne kila bawa, na seti inakupa nafasi ya kuacha mifuniko wazi zionekane au kufunga. Ushauri wangu ni kufungua bawa moja na kufunga la pili, ili anayetazama aone ndani na aone pia umbo la bawa lililo kamili. Usisahau viraka vyekundu kwenye midomo ya bunduki. Vilibandikwa kuzuia vumbi, na rubani akifyatua vinachanika, kwa hiyo ndege yenye viraka vizima ni ndege ambayo bado haijapiga risasi siku hiyo. Amua mapema yako ni ipi.

Magurudumu yamepanuana sana kwa sababu yanakunjwa kuelekea ndani, tofauti na ya Spitfire yanayokunjwa kwenda nje na kuacha miguu iliyokaribiana. Kwa viwanja vya udongo vya kaskazini mwa Kenya tofauti hiyo haikuwa ndogo. Katika modeli maana yake ni kwamba ikikauka inasimama imara bila kuyumba, na kwa upana wake wa sentimita 25.4 kutoka ncha hadi ncha ya bawa inatosha kwenye rafu ya kawaida ya vitabu.

Sasa rangi, na hapa ndipo mtu wa Nairobi anapaswa kujipanga. Maelekezo ya Airfix yanataja rangi kwa namba za Humbrol: 29 kwa ile ya kahawia ya udongo iliyokolea, 30 kwa kijani iliyokolea. Humbrol hapa mjini ni ya kutafuta kwa tochi. Mimi nachanganya akriliki za wachoraji, nikilinganisha na kadi ya rangi niliyoipaka mara moja kutoka kopo halisi la rafiki yangu na kuihifadhi mahali pasipo jua. Praima ni ile ya kijivu ya magari kutoka Kirinyaga Road. Ina ukali, kwa hiyo puliza ukiwa mbali, tabaka jepesi lipite, subiri, kisha jingine. Ukilowesha plastiki, itaumia. Supa gluu ya dukani inashika haraka, lakini usiitie karibu na kioo cha rubani, mvuke wake unakitia ukungu mweupe usiotoka. Kwa kioo tumia gundi nyeupe ya mbao.

Hali ya hewa nayo ina maneno yake. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, akriliki inakauka kwenye ncha ya bomba la kupulizia kabla haijafika kwenye bawa, na inabidi kuongeza dawa ya kuchelewesha. Masika ya Aprili yakianza, usipulize vanishi jioni ya mvua. Unyevu unaingia chini yake na ndege nzima inageuka maziwa. Kwa hiyo rangi nazipanga Juni mpaka Septemba, na miezi mingine nafanya vipande.

Dekali, yaani alama za kubandika, zilizomo ndani ya sanduku ni nzuri sana, nyembamba, na zinalala juu ya fito kana kwamba zimechorwa pale. Tatizo langu ni kwamba ni za Waingereza, na Waafrika Kusini waliweka rangi ya chungwa kwenye kitovu cha alama ya duara mahali ambapo Mwingereza alipaka nyekundu. Niliagiza karatasi ya alama hizo kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, ikafika vitovu vya chungwa vimehamia upande mmoja, na barua zangu hazikujibiwa. Hilo si kosa la seti. Niliweka duara za bluu na nyeupe, kisha nikakata stensili kwenye tepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa rangi, nikapuliza chungwa kwa mkono. Imetoka safi kuliko karatasi yenyewe ingeweza kutoka.

Bei: hii ya mwisho imenigharimu shilingi 7,400 ikiwa mkononi, usafirishaji na ushuru ndani yake. Ni pesa, sitasema si pesa. Lakini ukigawanya kwa jioni utakazokaa nayo, hakuna burudani ya bei hiyo mjini inayodumu hivyo. Mwanzaji ambaye hajawahi kugandisha kitu aanze na ya 1/72 ya kampuni hiyohiyo, kwa sababu hatua ya mihimili na chumba cha rubani inataka mkono uliozoea na macho mawili ya kutazama maelekezo bila haraka. Aliyekwisha kujenga hata moja kwa utulivu anaiweza hii.

Kabla hujalipa, soma ubavu wa sanduku. Namba A05127 ni Mk I ya kawaida, na A05129 ni ya Tropical, yenye kichujio kikubwa cha vumbi chini ya pua. Tafuta kwanza picha ya ndege unayotaka kuijenga, utazame kidevu chake kama kina kichujio au hakina, ndipo uagize.