Programu ya ofisi kwa kompyuta ya nyumbani: nianze na ipi, niache ipi

Ripoti ya fildi ya kijana wa jirani yangu hapa Pasua, Moshi, ilikuwa na kurasa 38 alipoifunga kwenye laptopu yake usiku wa Ijumaa. Asubuhi, mangi wa steshenari mjini aliitoa kwenye printa ikiwa na kurasa 43. Jedwali la tatu limekatika katikati, yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 25 na huko hakuna sura ya nne, na hela ameshalipa. Akaja kwangu na bunda la karatasi kwapani: "Shikamoo mwalimu. Hii kompyuta ina kirusi."

Kirusi hakikuwepo. Aliandikia programu moja, ikachapiwa kwenye nyingine, na fonti aliyochagua haikuwepo kwenye mashine ya mjini. Mashine ikachukua fonti nyingine iliyo pana kidogo, kila mstari ukasogea neno moja, na kurasa tano zikazaliwa.

Watu wa mtaani wananiita mwalimu hata baada ya kuacha chaki, na wanaponiletea laptopu za mtumba niwawekee "Ofisi", malalamiko ninayokutana nayo ni yale yale. Ndani ya nyumba programu yoyote inaridhisha: unaandika, unahifadhi, unasoma. Kero huanza faili linapotoka mlangoni. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja, faili lako linakwenda wapi, kisha nikatazama mfuko, bando na umeme.

1. LibreOffice

Kwa nyumba nyingi ninazozifahamu hii ndiyo ya kwanza, na si kwa sababu ni ya bure tu. Ukishaipakua mara moja (faili la Windows ni kama MB 350, tafuta Wi-Fi ya mtu) hutaulizwa intaneti tena, wala akaunti, wala tarehe ya kulipia. Ndani yake kuna Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya kuonyeshea kwenye projekta, Draw ya michoro na Base ya kutunzia kumbukumbu. Unaweza kumpa jirani faili hilo hilo kwa flashi, na leseni yake inaruhusu.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ilianza Ujerumani kwa jina la StarOffice. Kampuni ya Sun ya Marekani ikainunua 1999, mwaka uliofuata ikaiweka wazi kama OpenOffice.org, na Oracle ilipoimeza Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi wakajitenga na kuanzisha The Document Foundation, ndiyo inayotoa LibreOffice. Sisi Watanzania tuna sehemu yetu humo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili kitupu. Wakati huo watu walicheka kuona kompyuta inasema "Faili" na "Hariri". Leo hakuna anayecheka. LibreOffice bado ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo barua yako kwa mwenyekiti wa mtaa haitajaa mistari myekundu kama imeandikwa na mlevi.

Jihadhari na jina. OpenOffice ya zamani bado ipo mtandaoni chini ya shirika la Apache, lakini maendeleo yake ni ya kusuasua. Unayoitaka inaanza na Libre.

Sasa kuhusu zile kurasa tano. LibreOffice huja na fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawasawa na Calibri na Cambria za Microsoft, na Liberation Serif iliyopimwa kwa Times New Roman. Ukitumia Times New Roman, kama vyuo vingi vinavyotaka, mistari hukatika palepale hata ikifunguliwa kwenye Word. Shida huja na fonti za mapambo, na hata Aptos, ambayo Word mpya huanza nayo badala ya Calibri. Kwenye mashine isiyo nayo, kurasa zitahama.

Kasoro yake ya kwanza ni kwamba huhifadhi kwa .odt. Aina hiyo ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, lakini mangi wa steshenari hajali ISO. Siku unayoiweka, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi, chagua .docx, .xlsx na .pptx (aina za Word, Excel na PowerPoint) ziwe za kawaida, umalize. Ya pili ni makro: kama ofisini kwenu kuna faili la Excel lenye vitufe vinavyofanya kazi vyenyewe, usitegemee vyote vitaitikia kwenye Calc. Na kama laptopu yako bado ina Windows 7 au 8, toleo la 25.8 lililotoka Agosti 2025 na yaliyofuata hayaikubali.

Umeme. Betri nyingi za mtumba zimechoka, ukikatika na kompyuta imezima. LibreOffice hutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na Word vilevile. Dakika 10 ni ukurasa mzima wa mtu anayeandika kwa kasi. Shusha ziwe 2.

2. Microsoft 365, lakini mkiwa kundi

Kuna watu ambao faili lao halitoki mara moja tu. Linaenda, linarudi, linaenda tena. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili pale MoCU au KCMC, vyuo vikuu vya hapa Moshi, anamtumia msimamizi sura ya pili, inarudi ina maoni 60 pembeni na sentensi zimepigwa mstari kwa rangi tatu. Programu nyingine husoma maoni hayo na mabadiliko hayo vizuri, mara nyingi. Ila baada ya safari ya sita kati ya programu mbili tofauti, namba za vichwa na majedwali huanza kulegea. Kama msimamizi wako anatumia Word, na wewe tumia Word. Hapo sina ubishi.

Ya mtu mmoja, Personal, inakupa Word, Excel, PowerPoint na nafasi ya TB 1 kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ya Family ni ya watu hadi sita, kila mmoja na TB 1 yake na akaunti yake, hakuna anayeona mafaili ya mwenzake. Baada ya bei kupandishwa Januari 2025, kwa Marekani Personal ni dola 99.99 kwa mwaka na Family dola 129.99. Piga hesabu mwenyewe kwa kiwango cha siku, kisha ugawanye kwa sita. Wanafunzi sita wanaopanga nyumba moja Soweto ya hapa Moshi wakichanga, kila mmoja anatoa chini ya dola 22 kwa mwaka mzima. Mtu mmoja akiibeba peke yake, namuonea huruma.

Malipo hupitia kadi, na siku hizi si lazima uwe na ya benki. Kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu inaweza kutosha. Kinachowashtua watu ni siku ya mwisho wa mwaka. Usipolipa, mafaili hayafutiki palepale, lakini Word inakuwa ya kusoma na kuchapa tu, huwezi kuongeza hata nukta. Ikikukuta wiki ya kukabidhi tasnifu utajua hujui. Na lile jambo la kujihifadhi kila baada ya sekunde chache hufanya kazi kwa faili lililopo OneDrive. Lililopo kwenye diski yako halina bahati hiyo.

Asiyetaka malipo ya kila mwaka ana Office Home 2024: unalipa mara moja (ilipotoka ilikuwa dola 149.99 kwa Marekani), kompyuta moja, Word, Excel, PowerPoint na OneNote. Itapata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029. Kwa ofisi ndogo ya nyumbani yenye mashine moja isiyobadilishwabadilishwa, hesabu yake inaeleweka. Laptopu ikifa au ikiibwa ndipo kuhamisha leseni kunakuwa kazi nyingine.

3. ONLYOFFICE

Wachache hapa mjini wanaijua, na ningependa waijue. Ile ya kuweka kwenye kompyuta ni bure. Inafanana na Word kwa sura, hivyo mama aliyezoea ofisini hatafuti kitufe kwa tochi. Tangu mwanzo huhifadhi kwa .docx bila kuambiwa. Kwa mtu anayetumiana mafaili na watu wa Word lakini hana hela ya Word, ningemwambia aijaribu hata kabla ya LibreOffice. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inakula RAM zaidi, haina kitu kama Base, na mahesabu mazito Calc inayabeba vizuri zaidi.

4. Google Docs na Word ya mtandaoni

Kwa kuandika ripoti ya kurasa 60, hapana. Kwa kamati ya harusi, hakuna kinachoigusa.

Mnaijua hali. Mweka hazina yuko Majengo, katibu Arusha, mwenyekiti yuko safarini, na kila mtu ana orodha yake ya ahadi na michango kwenye daftari lake. Jumapili kwenye kikao zinasomwa orodha tatu zenye jumla tatu. Weka jedwali moja kwenye Google Sheets, wape watatu hao ruhusa ya kuandika na wengine ya kusoma tu. Mchango wa mjomba ukiingia, kila mtu anauona kwenye simu, na historia ya faili inaonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kwa kikoba ni hivyo hivyo. Ugomvi mwingi wa hela ni ugomvi wa nakala.

Nafasi ya bure ni GB 15, ila inagawanwa na barua pepe na picha zako, kwa hiyo simu iliyojaa video za sherehe inaweza kukufungia hata jedwali. Kufanya kazi bila mtandao kunawezekana, lakini lazima uwashe mapema ukiwa na bando, likishaisha umechelewa. Microsoft nao wana Word na Excel za bure ndani ya kivinjari, na GB 5 za kuhifadhia.

5. WPS Office

Hii ya Kingsoft ya China imewashika watu kupitia simu, na kwenye simu inastahili: inafungua .docx haraka na inasomeka. Kwenye kompyuta, ya bure ina matangazo, na mambo kadhaa, hasa ya PDF, hukupeleka kwenye ukurasa wa kulipia. Mtoto akiitumia kwa kazi za shule, haina neno. Iache kwenye simu, nyumbani weka moja ya zile tatu za juu.

Na ile ya fundi

Haina namba kwenye orodha yangu. Laptopu nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na Office iliyochakachuliwa, na muuzaji anaitaja kama zawadi: "Mzee, nimekuwekea kila kitu." Ili kuichakachua, fundi mara nyingi huzima ulinzi wa Windows na kuendesha kiprogramu ambacho hajui kimeandikwa na nani, akikipa mamlaka yote ya mashine. Baadaye ndiyo hiyo mashine unayoingilia benki. Tena programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, sawa na wimbo au kitabu. Na kama ni Office 2016 au 2019, hata iliyo halali iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Funguo za kuwashia zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa ziweke kapu hilo hilo.

Kabla hujailaumu programu

Laptopu iliyotoka Marekani ina mambo mawili yatakayokusumbua hata ukilipia ghali. Karatasi yake ni Letter, milimita 216 kwa 279. Steshenari zetu zinatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kurasa zitahama tu, uwe na Word, uwe na Writer. Badilisha iwe A4 kabla ya kuandika neno la kwanza. La pili ni tarehe: mashine hiyo hutanguliza mwezi, kwa hiyo ukiandika 5/4 kwenye jedwali la kikoba, ukimaanisha tano Aprili, yenyewe inaweka Mei nne, kimya kimya, na 25/12 inaikataa kabisa na kuiacha kama maneno. Ingia kwenye mipangilio ya eneo ya Windows, na kwenye muundo wa tarehe (Regional format) chagua wa Tanzania.

Kijana wa jirani tulimalizana hivi: tukaweka LibreOffice, tukageuza ripoti yote kuwa Times New Roman kwenye A4, tukasasisha yaliyomo, kisha tukaitoa kama PDF, kitu kinachobeba fonti zake ndani. Jumatatu aliipeleka kwa mangi yule yule. Zikatoka 39, maana tulikuwa tumeongeza ukurasa wa shukrani.